Nani Anachunga Barua Zetu?



Katika somo la Civisme, classe ya tano, tulikuwa tunasoma kifungu cha 31 cha Katiba ya inchi yetu, ile ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Kifungu kile kinasema kwamba kila mutu iko na haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, pamoja na siri ya barua zake, ya simu zake na ya kila namna nyingine ya kupashana habari. Haki ile haiguswi, paka katika mambo yaliyowekwa na sheria. Nilikuwa ninafuta ubao wakati mwanafunzi mumoja wa nyuma alinyoosha mukono. Akauliza: «Mwalimu, Katiba inaambia serikali. Lakini barua zetu haziko kwa serikali, ziko kwa wenye kompani. Siku wakubwa wanawaambia ‘leteni’, wao wafanye nini?» Kengele ikalia. Niliahidi kumujibu katika gazeti letu, na leo ninajibu, ingawa katibu ananiambia kila siku kwamba karatasi ni kidogo.

Nianze na kitu tunachokijua sisi wote. Unaenda ku kabine kununua yunite. Mwenye kabine iko na daftari. Unamutajia namba yako, anaandika, mara nyingine anatia na jina pembeni, alafu anatuma. Mwaka uliopita musichana mumoja wa hapa masomoni alianza kupigiwa simu usiku na watu asiowajua, na walimuita kwa jina lake. Tulipoteza majuma mawili mbele ya kujua kwamba namba ilitoka katika daftari ya kabine moja ya njiani. Vijana walikuwa wanafika pale, wanafunua kurasa, wanachagua. Tulipoenda kumuuliza mwenye kabine alishangaa kweli kweli. Alisema: «Mimi sikuiba kitu. Namba alinipa yeye mwenyewe.» Neno lile halikuwa la uongo, na njo sababu lilitukasirisha. Alimupa, ndiyo, lakini kwa kazi moja tu, ya kutumiwa yunite.

Sasa kamata daftari ile, uikuze mupaka iwe na watu milioni na milioni, tena iandike yenyewe, usiku na muchana, bila kalamu. Hiyo njo kompani ya simu, hiyo njo kompani ya intaneti.

Wazee wetu waliandika barua, wakaifunga mu bahasha, wakapeleka posta. Barua ikifika, posta haikubakia na nakala. Mutu aliyetaka kujua maneno yake, ilimupasa aikamate njiani ao aingie katika nyumba ya mwenye kuipokea. Barua ya intaneti, ile tunaita imeli, haiko vile. Inabakia ndani ya mashini za kompani, hata miaka. Kompani inachunga tena jina ulilotoa siku ya kujiandikisha, saa na dakika ulizoingia, na namba ambayo laini yako ilipewa siku ile katika intaneti, wataalamu wanaiita adresi ya IP. Kwa namba ile wanaweza kufika mupaka kwa nyumba ao kwa ofisi. Simu ya mukononi inaongeza jambo lingine: ili ikusikie, inashikamana na antene ya karibu, basi kompani inajua unalala upande gani wa muji. Na kadi ya simu ulijiandikisha kwa kitambulisho, wengi wetu kwa kadi ya uchaguzi.

Nimesema vile si kwa kuwatisha. Bila kuandika hesabu, kompani haiwezi kufanya kazi yake. Ulizo la mwanafunzi wetu ni lingine: yule aliyeandika anapashwa kufanya nini?

Nitachukua kesi moja iliyojulikana dunia yote, ya mwandishi wa gazeti katika inchi ya China, jina lake Shi Tao, na kompani ya Marekani iitwayo Yahoo.

Shi Tao alizaliwa 1968. Alikuwa mushairi, na alifanya kazi katika gazeti moja la biashara kule Changsha, muji mukubwa wa jimbo la Hunan. Tarehe 20 mwezi wa ine 2004, wakubwa wa gazeti waliita mukutano wa waandishi. Waliwaelezea kwa mudomo barua iliyotoka kwa chama kinachotawala. Barua ile ilihusu tarehe 4 mwezi wa sita. Siku ile, katika mwaka wa 1989, jeshi la China lilipiga risasi watu wa Beijing wakati wa maandamano ya kutaka demokrasia, na tangu pale jambo lile halisemwi waziwazi katika magazeti ya kule. 2004 ilikuwa mwaka wa 15, basi wakubwa walitaka waandishi wachunge kalamu zao.

Shi Tao aliandika mambo ya mukutano katika karatasi. Usiku ule ule, karibu saa 5 na nusu, alibakia ku ofisi, akafungua imeli yake ya Yahoo, akatuma maneno yale kwa watu waliokuwa New York, nao wakayatangaza. Hakutia jina lake. Alitia hesabu 198964, ni kusema mwaka wa 1989, mwezi wa 6, siku ya 4. Alifikiri amejificha.

Siku mbili nyuma, tarehe 22, ofisi ya usalama ya Beijing ilipeleka karatasi kwa Yahoo ya kule. Iliomba jina la mwenye imeli ile, saa alizoingia, adresi za IP, na barua zenyewe. Yahoo ilitoa. Adresi ya IP ilielekeza kwa laini ya simu ya gazeti kule Changsha, na pale, kati ya watu wachache waliokuwa ku ofisi saa ile, kumujua mwenyewe haikuwa kazi ngumu. Mwezi wa kumi na moja 2004 alikamatwa. Mwezi wa ine 2005 alikatiwa kifungo cha miaka 10, kwa kosa la kutolea wageni siri za serikali. Katika hukumu ile tribinali yenyewe iliandika kwamba habari za imeli zilitoka kwa Yahoo. Njo vile dunia ilijua. Bila mustari ule katika hukumu, labda hata leo tungesema kwamba mutu wa gazeti lake alimuuza.

Wakubwa wa Yahoo walipoulizwa mwaka ule wa 2005 walijibu kwamba kompani inapofanya biashara katika inchi, inafwata sheria za inchi ile. Mwezi wa pili 2006 waliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani. Mukubwa wao wa mambo ya sheria alisema kwamba, wakati habari zilitolewa, kompani haikujua ni uchunguzi wa namna gani. Alafu, katika 2007, karatasi yenyewe ya ofisi ya usalama ikaonekana. Ilikuwa imeandikwa juu yake, tangu siku ya kwanza, kwamba ni kesi ya mutu anayezaniwa kutoa siri za serikali kwa wageni. Kule China maneno yale mara nyingi yanaangukia waandishi wa magazeti na watu wa siasa. Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2007 wakaitwa tena. Jerry Yang, mumoja wa wale wawili walioanzisha Yahoo, na ambaye mwenyewe alizaliwa Taiwan, aligeuka kwa mama ya Shi Tao aliyekuwa amekaa nyuma yake katika chumba kile, akainama mbele yake. Juma lililofwata, kompani ilipatana na familia nje ya tribinali. Feza ngapi, haikutangazwa.

Hapa niseme kwamba katika chumba cha walimu tulibishana. Mwalimu mwenzangu wa matematiki alisema: «Wewe unahukumu kwa urahisi. Wale watumishi wa Yahoo ku Beijing walikuwa Wachina. Wangekatala, wangefungwa wao. Ungefanya nini, wewe?» Nilibakia kimya, sababu ni kweli. Kompani yenyewe ilitetea neno lile, kwamba watumishi wake wa kule walikuwa katika hatari. Kijana wa ofisi aliyepokea karatasi ya tarehe 22 hakuwa na njia nyingi. Nisingesubutu kumutupia jiwe.

Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza, na nikaona kwamba neno la mwenzangu linaonyesha jibu. Siku karatasi inafika, saa nzuri imekwisha kupita. Kompani ilichagua zamani, wakati hakuna mutu aliyeitisha kitu. Ilichagua siku ilipoweka sanduku za barua za Wachina chini ya mamlaka ya China. Ilichagua katika 2002, ilipotia sahihi, kwa mapenzi yake, katika ahadi ya kompani za intaneti za kule ya kujizuia yenyewe juu ya maneno yasiyopendwa na serikali. Kwa kila hatua kulikuwa mutu wa Marekani amekaa katika kiti kizuri, bila polisi mulangoni, na angaliweza kusema: tungojee kwanza, nani ataumia?

Wengine walingojea. Google ilipofungua kazi yake ndani ya China katika 2006, ilikatala kupeleka kule imeli yake, sababu ilikuwa imeona mambo ya Shi Tao. Nisiwasifu kupita kiasi: katika mashini yao ya kutafuta walikubali kuficha habari zisizopendwa na serikali. Waliandika tu chini ya ukurasa kwamba kuna vitu vimeondolewa. Ni kidogo, lakini musomaji aliyeambiwa kwamba amefichwa kitu, haiko sawa na yule asiyejua. Katika 2010 waliondoa mashini ile ya kutafuta ndani ya China. Na Yahoo yenyewe ilijifunza. Ilipotaka kuhudumia watu wa Vietnam, ilichunguza kwanza hatari, kisha iliamua kuweka mashini zake Singapore, si Vietnam. Kufika kule, ofisi ya polisi ya Vietnam haikuweza tena kuvuka barabara na karatasi mukononi.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya China tu. Hapana. Katika 2007 serikali ya Marekani iliamuru Yahoo itoe habari za watu bila karatasi ya muamuzi kwa kila mutu. Yahoo ilikatala, ikaenda mbele ya tribinali ya siri. Ndiyo, hata kule kuna tribinali ya siri. Serikali ilitaka kompani ilipishwe dola 250 000 kila siku kama itaendelea kukatala. Katika 2008 Yahoo ilishindwa, ikatoa. Karatasi nyingi za kesi ile zilifichwa mupaka 2014, kiisha zikafunguliwa. Ninapenda muangalie kesi hizo mbili pamoja: kompani ni ile ile, na miaka mitatu tu katikati. Kule Beijing ilitoa bila kuuliza. Kule Washington ilisoma karatasi, ikauliza «sheria gani?», ikagombana mupaka ikaangushwa. Hata kushindwa kule kuko na faida, sababu leo tunajua serikali iliomba nini.

Nyuma ya aibu ya 2007, Google, Microsoft na Yahoo, pamoja na mashirika ya haki za watu na watu wa vyuo vikubwa, walianzisha chama katika mwezi wa kumi 2008. Kinaitwa Global Network Initiative. Kompani inayoingia inaahidi mambo kama haya: serikali ikiomba habari za mutu, iombwe kutoa ombi kwa maandiko na kutaja sheria, ombi likiwa pana sana, lipunguzwe, mbele ya kuingia katika inchi mupya, hatari ipimwe, na watu wa inje wakuje kuchungua kama ahadi inafwatwa. Katika 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali nalo kanuni zinazosema kwamba kila kompani, si serikali peke yake, inapashwa kuheshimu haki za watu, hata fasi ambapo sheria ya inchi ni zaifu.

Sasa tufike kwetu, maana mwanafunzi wetu hakuuliza juu ya Changsha.

Ninyi wa classe za juu munakumbuka, ao wakubwa wenu wanakumbuka. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 tulipiga kura. Kesho yake intaneti ilikatwa katika inchi nzima, na SMS pia. Ilirudi karibu siku 20 nyuma, wakati Tribinali ya Katiba ilikuwa imekwisha kukubali matokeo. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili 2011, nyuma ya uchaguzi, SMS zilikatwa. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Katika siku zile za 2019, mutu aliyekuwa na ndugu inchi ya inje hakuweza kumuandikia hata «tuko wazima».

Nani alikata? Amri ilitoka kwa serikali. Lakini mukono uliozima mashini ulikuwa wa kompani. Hapa jambo haliko kutoa siri ya mutu, ni kufunga vinywa vya watu wote kwa mara moja, na kifungu cha 23 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kusema kinabakia karatasi. Tena Orange, ambayo inafanya kazi hapa, na Vodafone, mama ya Vodacom, walikuwa wameingia katika chama kile tangu 2017. Intaneti ikakatwa vilevile. Kwa hiyo musizani kwamba sahihi katika ahadi ni ngao. Kompani ya simu haiko kama ya imeli, haiwezi kuweka antene zake Singapore ili kuhudumia mutu wa Bukavu. Antene iko hapa, mutumishi iko hapa, ruhusa ya kufanya kazi inatolewa hapa.

Basi inabakia nini kwake? Inabakia zaidi ya vile wanavyotuambia. Inaweza kukatala amri ya mudomo ao ya simu, iombe barua yenye sahihi. Inaweza kuambia wateja, siku ile ile, kwamba intaneti haikuharibika, imefungwa kwa amri ya fulani. Inaweza kutangaza kila mwaka serikali iliomba nini. Vodafone ilifanya vile katika 2014: ilitoa kitabu juu ya inchi 29, Kongo ikiwa ndani, na ikakubali kwamba katika inchi kama sita hivi, wenye mamlaka wako na njia ya kuingia wenyewe ndani ya mashini na kusikiliza, bila kuomba kompani. Inchi zile haikuzitaja majina, na mimi ninaona pale walikosa moyo. Lakini mbele ya kitabu kile, wangapi kati yetu walijua kwamba jambo la namna hii liko?

Na inaweza kufanya kitu kimoja kisichohitaji ruhusa ya mutu yeyote, ni kuchunga kidogo. Habari isiyoandikwa haiombwi, wala haiibwi. Yahoo yenyewe ilikubali katika 2017 kwamba wezi walioingia katika 2013 waligusa hesabu zote za wateja wake, bilioni 3. Hapa kwetu tangu 2023 tuko na Kode ya Numeriki, ambayo inazungumuza juu ya habari za mutu binafsi na kazi ya yule anayezikusanya. Tutaisoma katika muhula wa tatu, nakala ikipatikana.

Yule mwenye kabine, ikiwa munataka kujua, hatukumupeleka polisi. Wazazi wa musichana walikaa naye, pamoja na mimi na mwenzangu wa matematiki. Aliuliza tena na tena: «Sasa nifanye nini, na kazi yangu ni kuandika namba?» Mama ya musichana akamujibu: «Andika namba, usiandike jina. Na jioni, kisha hesabu kutoka sawa, toboa ile ukurasa, choma.» Amefanya vile tangu siku ile. Niliangalia kwa macho yangu.

Shi Tao alitoka gerezani mwezi wa nane 2013, miezi 15 mbele ya kifungo chake kuisha. Alikuwa amemaliza miaka 8 na zaidi. Mwezi ule ule imeli ya Yahoo ya China, ile aliyotumia usiku ule ku ofisi, ilifungwa kabisa, na wateja walikuwa wameambiwa watafute pengine pa kuchungia barua zao.